Maoni ya Watu Juu ya Mazingira: Tuyapime kwa Simu au kwa Miguu?

Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na kamati za maji katika semina ya siku moja ya maendeleo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na mimi nazijua semina zetu: baada ya chakula watu husinzia. Kwa hiyo nitaanza na habari ya aibu yangu mwenyewe, maana aibu ya mwenzako huondoa usingizi.

Mnakumbuka kwamba tumeombwa kupeleka maoni ya watu wa huku juu ya makaa. Swali lenyewe ni hili: uchomaji na usafirishaji wa makaa upigwe marufuku kabisa, au uruhusiwe kwa masharti? Mimi nikaona njia ya mkato. Nikawaita vijana wetu wanne wanaoijua kompyuta nikawaambia, "Siku hizi watu husema kila kitu kwenye simu. Nendeni mkusanye yale yanayoandikwa juu ya makaa na miti katika kurasa za Facebook na vikundi vya WhatsApp vya hapa kwetu. Hesabuni wanaokubali na wanaokataa, halafu mniletee."

Vijana walifanya kazi kwa bidii, siwezi kuwalaumu hata kidogo. Waliyagawa maandishi katika mafungu matatu: wanaotaka marufuku, wanaoikataa, na wale ambao hueleweki wanasema nini. Fungu la marufuku likawa kubwa kupita yale mengine mawili yakiwekwa pamoja. Nilifurahi sana. Mimi mwenyewe ni mtu wa miti, mnanijua. Nikaandika karatasi yenye kichwa "Wananchi Wanasema Makaa Basi", ikabaki kupigwa muhuri tu.

Jioni moja nikaisoma mbele ya chama cha akina mama. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye sisi sote twajua kwamba watoto wake wamesomeshwa na magunia ya makaa, akauliza polepole, "Mwalimu, hao wananchi ni akina nani? Maana mimi simu yangu ni mulika mwizi." Watu wakacheka. Nikauliza nani mle ndani amewahi kuandika neno lolote juu ya makaa kwenye simu. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja alisema binti yake yuko Nairobi na huandika sana, na kwamba binti huyo hupika kwa gesi.

Basi ile karatasi sikuipeleka. Iko hapa mfukoni. Nimekuja nayo ili tuseme pamoja kosa lilikuwa wapi, maana njia yenyewe si mbaya. Vyuo vikuu huitumia, mashirika makubwa huitumia, na hata sisi inaweza kutufaa. Ila ina mitego, na mingine ya mitego hiyo imo katika lugha yetu wenyewe.

Kwanza nieleze inavyofanyika, kwa wale ambao hawajaiona. Mtu huchagua maneno ya kutafuta, tuseme "miti", "taka", "makaa", "mafuriko", au yale maneno yanayotanguliwa na alama ya # ambayo vijana huyaita hashtegi. Kompyuta hukusanya kila kilichoandikwa chenye maneno hayo katika muda fulani. Kisha kila andishi hupewa alama: la kusifu, la kulaumu, au la katikati. Yakiwa mia mbili, watu wanaweza kuyasoma. Yakiwa laki mbili, kazi hiyo hupewa programu iliyofundishwa kwa maandishi ambayo watu walikwisha kuyatia alama. Mwishoni unapata mchoro unaoonyesha kama watu wanaelekea huku au kule, na siku ambazo hasira ilipanda au ilishuka.

Je, njia hii imewahi kuonyesha kitu cha kweli hapa Kenya? Imeonyesha. Chukueni habari ya mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kuiita juala. Serikali ilijaribu kuizuia mwaka wa 2007 na tena 2011, isiwezekane. Mnamo 2015 mpiga picha mmoja wa Nakuru, James Wakibia, alianzisha kampeni mtandaoni ya kuunga mkono marufuku, kwa picha za uchafu na hashtegi iliyosema waziwazi, naunga mkono plastiki ipigwe marufuku. Watu wakajibu, na waziri wa mazingira wa wakati ule, Bi. Judi Wakhungu, akaiunga mkono. Tarehe 28 Februari 2017 tangazo likatoka katika Gazeti la Serikali, na tarehe 28 Agosti mwaka huo marufuku ikaanza, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Waliokwenda Mahakama Kuu kutaka isimamishwe hawakufanikiwa. Mtu aliyefuatilia maandishi yale ya 2015 na 2016 angejua kwamba watu wengi wa mijini wamechoka na zile juala zilizoning'inia kwenye michongoma na kuziba mitaro.

Au ule mugumo wa Westlands, Nairobi, uliosimama kwenye njia ya barabara kuu mpya. Mnamo Novemba 2020, baada ya kelele nyingi mitandaoni na watu kuandamana, rais alitoa amri mti ule usikatwe. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba maneno ya kwenye simu ni porojo tu.

Lakini angalieni jambo moja katika mifano hiyo miwili. Mti wa Westlands uko mjini, na waliokuwa wakiulilia wako mjini, wenye simu nzuri na bando. Juala zilimkera mtu wa mjini kila alipotoka mlangoni. Waliokuwa wakisema na waliokuwa wakiguswa walikuwa karibu watu wale wale. Makaa sivyo. Katika makaa anayeandika ni mmoja, anayepika ni mwingine, na anayechoma ni wa tatu kabisa, yuko kule bondeni na jembe lake.

Hebu tutazame sensa ya 2019. Kati ya watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa kama asilimia 23, wengi mijini kuliko mashambani, na wanaume kuliko wanawake. Katika sensa hiyo hiyo, nyumba zilizopika kwa kuni zilikuwa kama asilimia 55, na za makaa kama asilimia 12. Najua miaka imepita na simu zimeongezeka. Lakini wekeni hesabu hizo mbili kando kwa kando na mjiulize: mama aliyetoka kutafuta kuni saa kumi na moja alfajiri yumo katika lile fungu la asilimia 23? Na hata yule mwenye simu nzuri, je, ananunua bando ili aandike maoni juu ya misitu, au ili amsalimu mtoto wake aliye mbali?

Wamarekani waliwahi kuingia katika shimo hili hili, tena zamani. Mwaka wa 1936 gazeti moja lililoitwa Literary Digest lilitaka kujua nani atashinda urais. Likatuma kadi kama milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Kura zilipopigwa, Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa nini? Sehemu kubwa ya majina waliyotumia yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na mwaka ule wa shida mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Tena waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa ndio wenye hamu zaidi ya kusema. Kadi milioni 2 hazikusaidia kitu. Baada ya miaka miwili gazeti lenyewe likafungwa.

Sasa mitego ya lugha, na hapa naomba vijana wasicheke sana kwa sababu walinionyesha wao. Walipotafuta neno "taka", wakitumaini kupata malalamiko ya jalala letu pale sokoni, kompyuta iliwaletea kila aliyesema "nataka". Nataka kazi, anataka mahari, wanataka pesa. Ikawaletea na matangazo yetu yote ya Misa Takatifu! Mashine haikukosea. Herufi t-a-k-a zimo humo. Neno "mti" nalo likaleta malalamiko ya mtihani. Ndiyo lugha yetu, maneno hubebana, na mtu aliyezoea kutafuta kwa Kiingereza halioni hilo mpaka limpate.

"Makaa" nalo lina mambo yake. Lilileta maandishi mengi yenye hasira kali dhidi ya makaa, na vijana wakayatia yote katika fungu la marufuku. Tulipoyasoma tena tukaona mengine yanahusu makaa ya mawe, ule mtambo wa umeme uliotakiwa kujengwa Lamu. Watu wale walikuwa wakipinga mtambo wa makampuni, hawana habari na gunia la mama wa huku. Kama tungepeleka karatasi yangu, tungekuwa tumemfunga mama yule kwa maneno ya watu wa Lamu.

Halafu kuna kejeli. Mvua kubwa ilipovunja mitaro, mtu akaandika, "Asanteni sana viongozi kwa kutuletea bwawa la kuogelea mlangoni." Mashine inaona "asanteni sana", inaweka alama ya kusifu. Kijana akisema mche wake "umeweza" au kwamba upanzi wa miti ulikuwa "moto", mashine itafikiri kuna msitu unaungua. Wataalamu wanajitahidi. Mnamo 2023 ilitolewa kazi iitwayo AfriSenti, maandishi zaidi ya 110,000 ya Twitter yaliyotiwa alama katika lugha 14 za Afrika, na Kiswahili kimo. Ni hatua kubwa. Lakini Kikamba hakimo, Kikuyu hakimo, wala Dholuo. Na huku kwetu mtu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaweka Sheng katikati, akamalizia uchungu wake kwa lugha ya mama. Pale kwenye uchungu ndipo mashine inapoziba masikio.

Kuna pia sauti za kununuliwa. Mwaka wa 2021 shirika la Mozilla lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi watu hapa Kenya walivyokuwa wakilipwa kusukuma hashtegi kwenye Twitter mpaka zionekane kama ndilo jambo linalozungumzwa na nchi nzima. Sisemi waliotuandikia juu ya makaa walilipwa. Nani angetulipia sisi? Lakini hata huku kwetu niligundua kwamba katika kikundi kimoja maandishi mengi yalitoka kwa watu watatu tu, ambao nawajua, na mmoja wao huuza mitungi ya gesi.

Jambo la mwisho katika mitego ni lile la picha. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, katika mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mliona simu zenu siku ile. Kila mtu ameinama na mche. Ukihesabu picha zile utasema Wakenya wote wameokoka katika mambo ya mazingira. Mimi naamini wengi walikuwa na nia njema, hata mimi picha yangu imo. Lakini sijawahi kuona mtu akituma picha ya mche wake akiumwagia maji mwezi wa Agosti. Moyo wa mtu juu ya mazingira utauona zaidi pale kwenye mtungi wa maji ulio nusu, anapoamua ugawanywe vipi kati ya mbuzi, sufuria na mche.

Sasa mtaniuliza, mwalimu, tuziweke simu kando? Hapana. Nimegundua kwamba zinatufaa kwa kazi mbili. Ya kwanza, zinatuambia tuulize nini. Katika yale maandishi mlikuwa na malalamiko ya moshi wa jalala ambayo sisi wa kamati hatukuyajua kabisa. Mama mmoja aliandika usiku wa manane kwamba mtoto wake anakohoa. Katika baraza la chifu asingeinuka kusema hayo. Ya pili, zinaonyesha siku jambo lilipoanza kuwauma watu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba huja mara moja, lakini simu husema kila siku.

Ila mtu akitaka kujua "watu wengi wanafikiri nini", lazima achague watu kwa njia inayompa kila mmoja nafasi sawa ya kuulizwa, awe na simu au asiwe nayo. Afrobarometer, kwa mfano, huuliza watu 1,200 au 2,400 tu katika nchi nzima, lakini wamechaguliwa kwa namna ya kura, na wanaulizwa ana kwa ana katika lugha wanayoichagua. Watu 1,200 waliochaguliwa vizuri wanakuambia mengi kuliko milioni 2 waliojileta wenyewe.

Na tusichukue maneno ya watu kama viazi vya shambani mwetu. Kikundi cha WhatsApp ni kama sebule ya mtu. Wale walioandika humo waliwaandikia jamaa zao, hawakuiandikia kaunti. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na hata bila sheria, ni adabu kuomba ruhusa. Hilo nalo nilikosea, na nimekwisha kuwaomba radhi wasimamizi wa vikundi vile. Majina yote tumeyafuta.

Kwa nini nasisitiza hivi, na karatasi yenyewe ni kurasa mbili tu? Kwa sababu karatasi kama hizi huwa na nguvu. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inataka wananchi washiriki katika kuyalinda mazingira, na kifungu hicho hicho kinataka nchi ifikishe angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo ule wa Lamu, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani mradi mkubwa hivyo ulikwama kwa sababu watu hawakuulizwa vizuri. Na sisi tulikuwa karibu kusema watu wameulizwa, hali hawakuulizwa. Jirani zetu wa Kitui walipopiga marufuku usafirishaji wa makaa mapema mwaka wa 2018 mambo yaliwaka moto, mpaka lori likachomwa. Nani anataka hayo huku?

Baada ya jioni ile ya aibu nilienda bondeni mara tatu na vijana wawili. Tulikuwa tumeandika swali, "Je, unapenda miti ilindwe?" Kila mtu alijibu ndiyo, hata aliyekuwa amesimama kando ya tanuri lake linalotoa moshi. Swali lile halikuwa swali. Tukalibadilisha: "Mti gani hukati hata ukiwa na njaa, na kwa nini?" Hapo ndipo watu walipofungua midomo. Mzee mmoja alituonyesha migaa ambayo haigusi kwa sababu mbuzi hula maganda yake wakati wa kiangazi. Mama mmoja alisema yeye huchoma miezi miwili tu kwa mwaka, ile ya karo. Mwingine alisema wanaomaliza miti wanakuja usiku na misumeno ya injini, si watu wa huku, na kwamba marufuku ikija itamshika yeye mwenye panga, wale wa usiku wataendelea. Hayo hayakuwamo katika simu hata moja.

Sijui bado jibu la watu wa huku ni lipi. Huenda wengi wakataka marufuku kweli, na ikiwa hivyo nitaandika hivyo. Bado tuna siku kumi na mbili. Ninaomba hivi: katibu ana orodha ya nyumba zote kutoka kwa wazee wa vijiji. Tutaandika kila nyumba kwenye kikaratasi, tutie katika kapu, tuchague nyumba 15 kila kijiji, na hatubadilishi hata kama nyumba hiyo iko mbali au mwenyewe ni mkali. Vijana waende wawili wawili, msichana na mvulana. Nyumba yenye mume na mke, aulizwe mmoja leo, na nyumba inayofuata aulizwe mwingine, maana mkiwakuta pamoja mzee atajibu peke yake. Maswali ni sita, yameandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha yetu. Yale ya moshi wa jalala tumeyatia pia, kwa shukrani kwa yule mama wa usiku wa manane.

Tutaanza Jumatatu na vijiji vya bondeni, kwa sababu ndiko mvua ikinyesha barabara hukatika. Wanaojitolea waandike majina kwa katibu kabla ya chai. Viatu vizuri tafadhali, na maji ya kunywa.